Kliniki ya meno Kanyenye iliyokataa hela yangu

Nimengoja wiki sita kabla ya kuandika haya, maana nilitaka kwanza nione jino litakaaje. Limekaa. Natafunia karanga upande wa kushoto, na nikinywa maji ya mtungini hakuna kinachonipiga hadi sikioni.

Kliniki yenyewe ipo Kanyenye, hapa Tabora mjini. Ni nyumba ya kawaida yenye baraza, miembe miwili mbele, vyumba vitatu, daktari mmoja wa kike, msaidizi wake kijana na mama wa mapokezi. Jina silitaji kwa sababu daktari aliniomba nisimtangaze, nami naliheshimu ombi lake. Nitasimulia nilichokiona, kizuri na kibaya, mtu apime mwenyewe.

Inabidi mjue kwanza nilikuwa nani, la sivyo hamtaelewa kwa nini niliuliza maswali niliyouliza. Toka mwaka 2007 hadi 2021 nilikuwa mchimbaji mdogo Nzega, maeneo ya Lusu, upande ule ulikokuwa mgodi mkubwa wa Golden Pride. Sisi wadogo tulisaga mawe, tukaosha mchanga kwenye mwalo, tukakamata dhahabu kwa zebaki. Unamimina zebaki kwenye karai, unakanda kwa mikono mitupu, zebaki inazoa dhahabu, halafu unakamua yote kwenye kitambaa. Kinachobaki ni kidonge cheupe, kizito, kinachobonyea kidogo ukikiminya. Kidonge hicho unakiweka kwenye koleo juu ya mkaa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Tulikuwa tunachomea nyuma ya banda tunamolala, upepo ukigeuka moshi unaingia ndani, na hakuna aliyejali. Leo nauza asali ya Sikonge karibu na soko kuu, lakini zebaki naijua kwa mkono. Najua chupa yake ya mililita 100 inavyokushtua ukiinyanyua, maana inapita kilo moja na robo.

Mwaka wangu wa mwisho machimboni tulikaa semina kuhusu Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki. Tukaelezwa habari za mji huo wa Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa rasmi. Tukaambiwa mkataba ulianza kutumika mwaka 2017 na Tanzania imeuridhia mwaka 2020. Katikati ya maelezo yale mtoa mada akasema neno moja ambalo wenzangu walilipita lakini mimi lilinikaa: kwamba zebaki hiyo hiyo imo kwenye dawa ya rangi ya fedha wanayozibia meno.

Mimi ninayo mawili. Niliyazibisha mwaka 2009, magego ya chini, moja kila upande.

Kwa hiyo jino la tatu, la juu kushoto, lilipoanza kuniuma mwaka huu, sikwenda kwa ajili yake tu. Nilibeba shilingi 200,000 za mauzo ya ndoo mbili za asali, nikiwa nimeazimia kutoa zebaki yote mdomoni siku hiyo hiyo.

Nilifika saa mbili asubuhi. Mama wa mapokezi alinisalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka", kabla hata sijaketi, nikajua nipo nyumbani. Akanipa fomu inayouliza presha, sukari, dawa ninazomeza, kama nimewahi kuvimba mwili baada ya sindano, kama nimewahi kuugua homa ya ini. Akanipima presha pale pale mezani. Mwaka 2009 hakuna aliyeniuliza hata moja kati ya hayo, kwa hiyo hili nalisifu bila kusita. Lakini baada ya hapo nilikaa barazani saa mbili na dakika ishirini. Tulikuwa wagonjwa saba, na watatu kati yetu tuliambiwa tuje saa mbili ile ile. Mzee mmoja alikuwa ametoka Urambo alfajiri, shavu limevimba, akabaki ameliegemeza kwenye kiganja bila kusema kitu. Daktari mmoja hawezi kuona watu watatu kwa wakati mmoja, na mtu aliyevimba uso asingoje foleni. Nilimwambia mama wa mapokezi, akaingia ndani, na mzee akaitwa. Lakini sikupaswa kuwa mimi wa kulisema.

Ukutani barazani kuna bango lililoandikwa kwa mkono kwamba hakuna kitu kinachoitwa meno ya plastiki, na mama asikubali mtoto wake mchanga akatwe fizi kwa sababu ya homa au kuharisha. Nililisoma mara mbili. Mwanangu wa kwanza aliponea chupuchupu. Bibi mmoja alikuwa ameshaandaa spoku ya baiskeli, mke wangu akamnyakua mtoto akakimbia naye zahanati, na kumbe ilikuwa malaria. Kile wanachokiita jino la plastiki ni jino la utoto lenyewe, halijatoboza fizi bado. Ukilichokonoa unaliharibu, na hata jino la ukubwani lililo chini yake linaweza kuharibika.

Nilipoitwa, niliangalia vifaa kabla ya kukaa. Wachimbaji tumezoea kumtazama mtu anavyoshika chombo. Msaidizi alitoa pakiti, upande mmoja karatasi na upande mwingine plastiki inayoonyesha ndani, akanisogezea: "Baba, angalia mshale huu. Ulikuwa waridi, sasa ni kahawia, maana yake umepita kwenye mvuke." Ndipo akaichana mbele ya macho yangu. Nikaomba kuona huo mvuke unatoka wapi. Akanionyesha otokilevu yao, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, chumba cha nyuma, juu ya meza ya vigae, na karatasi iliyobandikwa pembeni: nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, au nyuzi 134 kwa dakika zisizopungua 3, na saa inaanza kuhesabiwa joto likishafika, si swichi ikiwashwa. Kuna daftari la kila mzunguko, tarehe, saa, sahihi. Ukurasa ule ulikuwa na mistari miwili iliyokatwa kwa kalamu nyekundu: umeme ulikatika katikati, vifaa vikarudiwa kuoshwa na kuwekwa upya. Mistari ile miwili myekundu ndiyo iliyonifanya niliamini lile daftari.

Nikauliza na kile kichwa cha drili, kile kinachozunguka mdomoni. Maana kule machimboni kuna fundi mmoja wa kung'oa meno alikuwa anatumbukiza koleo lake kwenye beseni lenye maji ya jiki, analifuta kwa kitambaa, anaita mwingine. Msaidizi akafungua droo: vichwa vitano, kila kimoja kwenye pakiti yake. Akanieleza kwamba kichwa cha drili kikisimama kinaweza kufyonza mate na damu kwa ndani, kwa hiyo kukipangusa nje hakutoshi, lazima kipikwe kila baada ya mgonjwa. Na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kudumu nje ya mwili, kwenye meza au chombo kikavu, siku saba na bado vikaambukiza. Nikamuuliza kama yeye amechanjwa. Alitoa kadi yake mfukoni: dozi tatu, zote zimejazwa.

Hapo hapo, kwa huzuni, lazima niseme kijana huyu huyu simu yake ililia, akaitoa mfukoni na glavu zile zile alizokwisha zivaa kwa ajili yangu, akaikata, akarudi kushika kioo. Nilimwambia, "Mwanangu, hizo glavu." Akaona haya kweli kweli. Akazivua, akanawa, akavaa nyingine. Daktari alisikia, akamwambia simu ibaki mapokezi kuanzia siku hiyo. Niliporudi mara ya pili na ya tatu sikuiona tena.

Sasa daktari. Ni dada wa miaka thelathini na kitu, sauti ya chini, hana haraka. Nikamwambia moja kwa moja: "Dokta, hili la juu linaniuma, litibu. Lakini haya mawili ya chini nataka uyatoe yote leo. Yana zebaki, na zebaki naijua."

Akaniuliza naijuaje. Nikamsimulia karai, kitambaa, koleo juu ya mkaa. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akayatazama meno yenyewe, akapitisha kichuma chembamba kwenye kingo pole pole kama mtu anayetafuta ufa kwenye mtungi, akapuliza hewa, akaniambia nitafune karatasi ya bluu.

"Baba, vizibo hivi havijapasuka, havijavuja, na pembeni hakuna uozo. Sitavitoa."

"Hela ninayo, dokta."

"Najua unayo. Ila nikivichimba leo ndipo zebaki itakapopaa kwa wingi kuliko nikiviacha vilipo. Na nitakula sehemu ya jino zima bila sababu."

Akachukua karatasi akanichorea. Kile kidonge chetu cha machimboni na kizibo changu vyote vina jina moja, amalgamu: zebaki iliyoshikana na metali nyingine. Sisi tuliishikanisha na dhahabu. Wao wanaishikanisha na unga wa fedha, bati na shaba, na zebaki ni karibu nusu ya uzito wote. "Tofauti," akasema, "ni kwamba nyinyi mnaichoma makusudi ili zebaki itoke. Kwenye jino imefungwa. Kidogo sana hutoka kama mvuke ukitafuna au ukisaga meno usingizini, na kwa mtu mzima mwenye afya kama wewe kiasi hicho hakijaonekana kudhuru."

Akaniambia jambo jingine ambalo miaka kumi na minne sikuwa nimelijua. Zebaki ile ya maji ukiimeza, karibu yote inapita na choo. Mvuke wake ukiuvuta, kama asilimia 80 inabaki mwilini. Nilinyamaza. Niliona lile banda letu, na watoto wa jirani waliokuwa wanasogelea mkaa usiku wa baridi wakati tunachoma.

Nilirudi nyumbani nikasoma mwenyewe kwenye simu, kwa sababu sipendi kuamini neno la mtu mmoja, hata mwema. Nikakuta mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa ushauri Septemba 2020 unaofanana na maneno yake: kizibo kizima kisitolewe bila sababu ya kitabibu. Lakini ushauri huo huo unataja watu wanaopaswa kuepuka kuwekewa kipya: wajawazito, wanaopanga kushika mimba, wanaonyonyesha, watoto, hasa walio chini ya miaka sita, wenye maradhi ya mishipa ya fahamu na wenye figo dhaifu. Na nchi wanachama wa mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2022 kwamba amalgamu isitumike kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone ni lazima kwa mgonjwa huyo. Umoja wa Ulaya umeenda mbali zaidi, umeipiga marufuku kuanzia Januari 2025, isipokuwa kwa ulazima wa kitabibu.

Daktari huyu mwenyewe haitumii tena. Sababu aliyonipa ilinigusa kuliko zote: "Mgonjwa anakutana nayo siku moja. Mimi na kijana wangu tungekutana nayo kila siku, na mabaki yake yangeenda kwenye maji ya Tabora." Hata jino lililong'olewa likiwa na kizibo cha amalgamu, hawalipeleki kwenye tanuru la kuchomea taka za hospitali, kwa maana moto utaipaisha zebaki. Wanaliweka kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, pembeni ya boksi la njano la sindano. Niliishika ile chupa. Ilikuwa na meno manne.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya 200,000 zangu ilirudi mfukoni. Kumuona daktari nililipa 10,000, na kuziba jino la juu 50,000, jumla 60,000, risiti ikaandikwa. Kuna kliniki yenye mabango makubwa, siitaji, niliyokuwa nimeipigia simu kabla, wakaniambia njoo tuyatoe yote mawili kwa 120,000, bila hata kuniuliza yakoje. Huyu alikuwa na kila sababu ya kuzichukua na mimi nilikuwa tayari kumpa.

Hata hivyo 10,000 ya ziada nililipa kwingine, na hili ni dosari: hawana mashine ya eksirei. Jino la juu lilikuwa limetoboka sana, akataka kuona kama uozo umefika kwenye mshipa, ikabidi nipande bodaboda niende mahali pengine nikapigwe picha, nirudi, nipange foleni upya. Na bima yangu hawaipokei. Mtu ajipange.

Picha ikaonyesha mshipa haujaguswa. Akanichoma ganzi, lignokaini yenye adrenalini, pole pole kiasi kwamba niliisikia kama kubanwa tu. Aliniambia wengi wanaumia kwa sababu dawa inasukumwa haraka. Akangoja dakika tano kwa saa ya ukutani, akagusa fizi, akauliza, ndipo akaanza. Alinivalisha miwani. Maji yanamwagika kwenye drili, bomba linanyonya, pamba zinabadilishwa zikilowa.

Kompositi nilikuwa sijawahi kuiona. Ni dawa laini ya rangi ya jino, resini iliyochanganywa na unga mgumu wa kioo. Kwanza alipaka asidi, uji wa bluu, akahesabu sekunde, akaosha, akakausha. Akasema inakwangua uso wa jino vishimo visivyoonekana kwa macho ili gundi ipate pa kushika. Nikamwelewa mara moja, maana hata sisi tunaukwaruza ukuta kabla ya kupiga lipu. Kisha gundi, kisha dawa yenyewe kidogo kidogo, tabaka lisilozidi milimita mbili, na kila tabaka linamulikwa taa ya bluu ili ligande. Ukiweka nene, juu patakauka na chini patabaki uji. Tukavaa wote kinga ya rangi ya chungwa, maana taa ile si ya kutazamwa.

Tabaka la pili, umeme ukakatika.

Drili ikanyamaza, bomba likanyamaza. Nilidhani wataniambia nije kesho na shimo langu. Daktari akabana pamba mpya, akasema, "Usifunge mdomo, baba, mate yasiingie." Taa ya bluu ni ya betri, ikaendelea kuwaka. Msaidizi akashika tochi mkono mmoja, na kibomba cha kunyonya cha betri mkono mwingine. Wakamaliza matabaka yote hivyo, mwembe ukipiga matawi kwenye dirisha. Jenereta ilikuja kuwaka tayari wanasafisha kingo.

Ganzi ilipoisha jioni niligundua nikifumba mdomo jino lile linagusa kabla ya mengine. Kesho yake nilirudi bila miadi. Karatasi ya bluu, akaona doa, akalisaga kidogo sana, nikafumba, pakawa sawa. Dakika kumi, hakutoza. Alisema ganzi ndiyo humdanganya mgonjwa asijue anavyong'ata, kwa hiyo kurudi kama hivyo ni jambo la kawaida. Basi angeniambia siku ya kwanza nisingelala nikiwaza. Nilimwambia, akakubali.

Ziara ya tatu nilimpeleka binti yangu, yupo darasa la tatu, ana miaka minane. Gego lake la chini lilikuwa na tundu jeusi, na mimi na mama yake tulikuwa tumeliacha tukiamini ni jino la utoto, litang'oka lenyewe. Daktari akatuonyesha: gego lile la nyuma kabisa huota mtoto akifika kama miaka sita, haling'oi jino lolote kulipisha, linatokea tu nyuma ya mengine, kwa hiyo wazazi wengi hawajui kwamba limekuja. Na ni la maisha. Mke wangu alishika mdomo.

Mtoto aliogopa drili. Daktari akamwambia hatatumia. Akachukua kijiko kidogo cha chuma, kidogo kuliko punje ya mtama, akachota uozo laini taratibu kama anayechota nta kwenye sega, akimwonyesha kila alichokitoa kwenye pamba. Hakuna sindano. Kisha msaidizi akamimina unga na matone ya maji yake kwenye karatasi, akakoroga haraka hadi ikawa kama uji mzito unaong'aa. Hiyo ndiyo glasi ayonoma. Daktari akaijaza tunduni, akapaka vaselini kwenye kidole cha glavu, akakandamiza juu ya jino, akakishikilia hapo huku akimwimbia mtoto hesabu za mara mbili. Ilipogandamana akakwangua iliyozidi. "Asile kitu saa moja," basi.

Dawa hii ilitengenezwa Uingereza na Wilson na Kent, wakaitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inashikana na jino yenyewe bila gundi na inatoa floraidi, madini yanayoimarisha jino, kidogo kidogo. Lakini ile njia ya kijiko na kidole bila drili, daktari alituambia kwa fahari, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kazi ya daktari wa meno Jo Frencken wa Uholanzi aliyekuwa chuo kikuu Dar es Salaam, alipotafuta namna ya kutibu watu mahali pasipo na umeme. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza, na leo inatumika nchi nyingi. Nilizaliwa nchi hii, nina watoto wanne, na hili sikuwahi kulisikia hata siku moja. Daktari alisema pia ukweli wake: haina nguvu kama kompositi, kwenye tundu la upande mmoja inadumu vizuri, kwenye matundu makubwa ya pande mbili inaweza kubanduka, kwa hiyo tumlete kila miezi sita aiangalie. Kwa mtoto tulilipa 25,000.

Halafu akamuuliza binti anakula nini akitoka shule. Akajibu kwa uaminifu wa mtoto: anakaa dukani kwangu, analamba asali kwenye mwiko.

Mimi ninauza asali. Nawaambia wateja ni dawa ya kifua, na ninaamini hivyo. Daktari hakuibeza asali. Alisema tu kwamba bakteria wa kwenye ukoga hawaulizi sukari imetoka kiwandani au kwenye mzinga, wanaigeuza asidi, na asidi hiyo inayeyusha jino. Kinachoumiza zaidi ni mara ngapi kwa siku, kuliko kiasi gani. Kijiko kimoja na chai asubuhi, mate yanapata muda wa kulitengeneza jino. Kulamba kila nusu saa hadi magharibi, mate hayapati nafasi. Akatuambia tutazame dawa ya meno nyuma ya boksi, iwe na floraidi kati ya 1,000 na 1,500 ppm (sehemu kwa milioni), apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, ateme povu lakini asisukutue na maji. Yetu ya nyumbani tulipoigeuza haikuwa na floraidi kabisa, ilikuwa na picha ya jani tu. Mwiko wa dukani sasa unakaa juu, kwenye msumari.

Wanafungua Jumatatu hadi Jumamosi. Ukienda, omba uitwe kwa saa yako, na chukua pesa taslimu. Waulize kuhusu pakiti, waulize kuhusu daftari. Hawakasiriki.

Jambo la mwisho halihusu meno, ila lilitokea kule. Tukiwa tunaondoka nilimkumbuka mgeni aliye kwenye stoo yangu ya asali tangu nihame Nzega: chupa ya dawa ya kikohozi, zebaki imejaa hadi nusu, niliitunza nikidhani nitaiuza siku moja. Nilimwambia daktari. Uso wake ulibadilika. Alisema yeye hawezi kuipokea, nisiimwage chooni wala shimoni, nisiifungue, niitoe kwenye chumba chenye chakula leo hii, na niulize ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali namna ya kuikabidhi. Usiku ule niliitumbukiza kwenye kopo la chuma lenye maji, nikakaza mfuniko, nikazungushia gundi ya karatasi, nikaiweka banda la nje kwenye kivuli, mbali na ndoo. Nimeshapiga simu. Jumatatu naipeleka.